Sahihi ya Siku ya Nne

Sehemu ya tano

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni mwa ofisi ya Mukhisa. Simu yake ilikuwa inalia, imetoka Bungoma, naye alikuwa ananitazama bila kuipokea.

Kwa anayenisoma leo mara ya kwanza, niseme kidogo. Jina langu ni Jotham. Nimefanya kazi miaka kumi na saba katika kampuni ya mbegu hapa Kitale. Nilianza nikichekecha mchanga wa maabara. Sikusoma chuo. Kupima mbegu nilijifunza kwa kutazama, na kwa vitabu ambavyo wenye digrii walivitupa walipohama.

Mukhisa ni mkuu wa idara yetu. Alikuja mwaka jana, mwezi wa kwanza. Watatu wameshaacha kazi tangu aje. Kila Jumatatu hutuita kwenye kikao, na aliyekosea wiki iliyopita husimama mpaka kikao kiishe. Kiptum wa stoo, mwenye kisukari, alisimama kwa muda wa saa mbili na mguu wake umevimba kama mtungi.

Nami nilimtetea Mukhisa mwaka mzima. Nilisema anasukumwa na walio juu yake. Nilisema hajazoea. Mimi ni mtu wa kungoja kabla ya kusema mtu ni mbaya.

Kulikuwa na sababu nyingine pia. Mimi na Mukhisa ni wa rika moja. Tulitahiriwa Agosti moja, kijiji kimoja, kule Matulo. Asubuhi ile tulipakwa matope kwenye mto mmoja, tukasimama bega kwa bega. Kwetu Bungoma, mtu uliyesimama naye hivyo humnyimi neno lake, wala humshtaki kwa wageni.

Sasa nieleze nilichokificha kwa wiki nne. Nimekuwa nikiandika hapa juu ya makosa ya Mukhisa. Leo naandika juu ya langu.

Mbegu hupimwa siku saba. Unahesabu mbegu mia nne, unazipanda kwenye trei za mchanga, mia moja kila trei. Siku ya nne unahesabu zilizochipua vizuri. Siku ya saba unahesabu tena, na hapo ndipo unapojua. Chini ya tisini kwa mia, mzigo hautoki getini.

Katikati ya Machi tulikuwa na mahindi yaliyobaki msimu uliopita. Yalikuwa yamekaa mwaka mzima kwenye ghala la mabati. Mbegu ya namna hiyo lazima ipimwe upya. Jepchirchir alizipanda trei, nami nikazikagua.

Jepchirchir ni msichana wa miaka ishirini na minne, kutoka upande wa Cherang'any. Mimi ndiye niliyemfundisha kazi. Huniita mwalimu. Ana mkono mwepesi na macho makali, na ana tabia moja ambayo huwezi kuifundisha: asipokuwa na hakika, husema hana hakika.

Siku ya nne Mukhisa aliingia maabara bila koti jeupe.

"Rika, lori liko getini. Kule Myanga mvua imeanza. Watu wanangoja mbegu."

"Leo ni siku ya nne tu," nikamwambia.

"Ngapi zimetoka?"

"Sabini na moja kwa mia."

Akainama juu ya trei. "Na hizi zimelala?"

"Wiki hii imekuwa baridi. Huenda zimechelewa."

"Si umejisemea mwenyewe? Zimechelewa. Bana, wewe unajua hizi mbegu kuliko hawa watu wa digrii. Ukikadiria, zitafika ngapi?"

Mwaka mzima hakuna mtu aliyekuwa amesifiwa ndani ya chumba kile. Nataka msomaji ajue kwamba sikutishwa siku ile. Nilisifiwa.

"Zinaweza kufika tisini na mbili," nikasema.

"Andika hivyo."

Jepchirchir akaweka kibano chake chini. "Lakini mwalimu, si tungoje Jumatatu? Ni siku tatu tu."

Mukhisa hakumgeukia. "Wewe msichana, nani amekuuliza? Hapa wanaongea wanaume wa mto mmoja."

Nikaandika tisini na mbili. Tarehe ya kupanda nikairudisha nyuma siku tatu, ili siku ya nne ionekane ya saba. Kwenye nafasi ya aliyehesabu nikaandika jina la Jepchirchir, kama ilivyokuwa kawaida, maana trei alizipanda yeye. Kwenye nafasi ya aliyethibitisha nikatia sahihi yangu.

Lori likaondoka kabla ya chakula cha mchana.

Jumatatu, siku ya saba ya kweli, Jepchirchir alinivuta kwenye trei. Zile zilizolala hazikuamka. Na katika zile sabini na moja, nyingine zilikuwa zimeoza mizizi.

"Hamsini na nane, mwalimu. Nimehesabu mara tatu."

Nikampelekea Mukhisa habari. Akaniambia nimwage trei, nioshe mchanga, nisiandike chochote.

Mchanga niliuosha kwa mikono yangu.

Basi ile simu iliyokuwa inalia wiki iliyopita ilikuwa ya Myanga, kule Bungoma mbegu ilikokwenda. Mukhisa aliipokea mwishowe. Akasikiliza, akasema, "Tunakuja," akaikata.

"Vaa viatu vya shamba," akaniambia. "Na ukifika huko, mimi ndiye nitaongea."

Tulifika Myanga Jumatano saa nne asubuhi. Akina mama kama thelathini walikuwa wakitusubiri kando ya shamba. Kiongozi wao anaitwa Mary Ann, mama mrefu aliyekunja sketi juu ya gambuti. Hakutupa mkono wa salamu.

"Tembeeni muone," akasema.

Tukatembea. Mistari ya shamba ilikuwa kama kinywa cha mzee: jino hapa, pengo pale, pengo, pengo, jino.

Mukhisa akachimba kwa kidole. "Mama, hapa mlipanda chini sana. Mbegu ikienda chini hivi inachoka njiani."

Akina mama wakacheka. Hakikuwa kicheko cha furaha.

"Ati tulipanda chini," mmoja akasema. "Sisi? Tumezaliwa tukipanda."

Mary Ann akaenda nyumbani kwake, akarudi na gunia lililokunjwa. Akalifungua mbele yetu. Lilikuwa bichi. Ndani yake mbegu zilikuwa zimepangwa kumi kumi.

"Hii ni ile mbegu yenu, pakiti ambayo hatukufungua. Nimehesabu mia moja, nikalowesha gunia, nikaweka chini ya kitanda wiki nzima. Hesabuni wenyewe."

Nikachuchumaa. Nilihesabu mara mbili. Zilikuwa hamsini na nne.

Mukhisa akatabasamu. "Mama, tunashukuru kwa bidii. Lakini gunia si maabara."

"Ni kweli," Mary Ann akajibu. "Gunia haina bosi. Ndio maana haidanganyi."

Wakacheka tena. Mukhisa akafuta kidole chake kwa kitambaa.

Kisha Mary Ann akanigeukia mimi. "Na wewe mkimya, kwenu ni wapi?"

"Matulo."

"Ala! Kumbe ni mtoto wa hapa. Sasa mama yako amepanda mbegu gani?"

"Mama alifariki."

"Basi yeye amepona," akasema, akakunja gunia lake.

Nilikuwa nimeshika kalamu. Ningeweza kusema pale pale. Sikusema.

Tulirudi kwa njia ya Kimilili. Mukhisa alimwambia dereva asimame tunywe chai. Dereva akabaki na gari. Sisi tukakaa pembeni kwenye hoteli moja karibu na soko, chai na mandazi mbele yetu.

Mukhisa alikuwa mpole. Sijawahi kumwona mpole vile.

"Rika, lazima mtu abebe hii kitu."

"Naelewa."

"Wakubwa wameshaniuliza nani alihesabu. Fomu inasema ni Jepchirchir."

"Wewe unajua haikuwa hivyo."

"Mimi najua nini? Mimi nilikuja kuulizia lori. Sahihi ni yako. Tarehe umeandika wewe." Akavunja andazi katikati, akanipa nusu. "Sikutishi. Nakwambia vile watasema. Yule msichana bado ni mdogo. Hana mume, hana mtoto. Atapewa barua ya onyo, ikae kwenye faili mwaka mmoja, itolewe. Wewe una miaka hamsini na moja na huna hata cheti kimoja. Ukitoka hapa, nani atakuchukua?"

Nikaichovya ile nusu kwenye chai.

"Na mimi nikirudi Matulo nitasema nini? Kwamba mtu niliyesimama naye mtoni alinipeleka kwa wageni?"

Alikuwa na karatasi tayari ndani ya koti. Akaiweka mezani, akapangusa unga wa andazi. Yeye akasema, mimi nikaandika. Nakumbuka sentensi moja kuliko zote, maana mwandiko wangu huwa mzuri, na ile niliiandika vizuri kabisa:

"Nilitia sahihi nikiamini hesabu niliyopewa na Jepchirchir."

Ni onyo tu, nilijiambia. Barua moja kwenye faili.

Siku iliyofuata, Alhamisi, niliingia maabara mapema. Jepchirchir alikuwa anapanda trei mpya. Nilimsalimia.

"Umeamkaje?"

"Salama, mzee."

Mzee. Hakusema mwalimu. Nilidhani amechoka. Adhuhuri hakuja tulipozoea kukaa kula. Saa tisa aliitwa ofisini kwa Mukhisa, akakaa humo nusu saa, akatoka, akachukua mkoba wake akaenda nyumbani. Hakuniangalia.

Niliyaona yote hayo, na kila moja nililitafutia sababu nyepesi. Hiyo ndiyo tabia yangu. Watu huiita upole.

Kikao cha nidhamu kilikuwa Ijumaa saa nne, kwenye chumba kidogo cha ofisi ya wafanyakazi. Tulikuwa wanne. Jepchirchir alikaa upande mmoja wa meza, mimi mbele yake. Mukhisa alikaa kama mkuu wa idara. Aliyeongoza kikao alikuwa Madam Suad, afisa wa wafanyakazi, mama wa hapa hapa mjini, mtaratibu, asiyepandisha sauti.

Suad akafungua faili. "Tuanze kwa kuelewana. Kosa lililo mbele yetu ni kughushi matokeo ya upimaji. Likithibitika, adhabu ni moja. Ni kufutwa kazi, bila barua ya kumpeleka mahali pengine."

Nikamgeukia Mukhisa. "Si ulisema ni onyo?"

Alikuwa ananyoosha kalamu yake ilingane na ukingo wa meza.

Mtu aliyefukuzwa kwa kughushi matokeo hawezi kupima mbegu tena mahali popote katika mji huu. Kampuni za mbegu zinajuana. Nilimtazama Jepchirchir, mikono yake juu ya meza, na kucha zake zilizokatwa fupi ili zisikwaruze mbegu. Kukata kucha vile nilimfundisha mimi.

"Madam," nikasema, "naomba kuondoa maandishi yangu."

Suad akainua macho. "Kwa nini?"

"Si ya kweli."

"Mzee, fikiria kabla hujaendelea."

"Nimefikiria. Nimechelewa, lakini nimefikiria. Jepchirchir hakunipa hesabu ya tisini na mbili. Alinipa sabini na moja, na ilikuwa siku ya nne. Aliniomba tungoje. Tarehe niliibadilisha mimi. Tisini na mbili niliitoa kichwani. Bwana Mukhisa alikuwepo, na ndiye aliyesema niandike."

Nilingoja Mukhisa alipuke kama afanyavyo kila Jumatatu. Hakulipuka. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeko matangani.

"Madam, nilimwambia huyu mzee asije leo," akasema. "Juzi akina mama wa Myanga walimtukana vibaya. Tangu hapo hako sawa. Mimi simlaumu. Ni mtu wa rika yangu, inaniuma."

"Mimi niko sawa," nikasema.

"Unaona, Madam?"

Suad akatoa karatasi nyingine chini ya faili, akaiweka kando ya ile yangu. "Mzee Jotham, hii imeandikwa jana na Jepchirchir. Inasema, 'Mzee Jotham aliniambia nitaje tisini na mbili, nikataja kwa sababu ni mkubwa wangu.' Imetiwa sahihi."

Niliinama, nikaiona sahihi yake.

"Jepchirchir," nikasema. "Mimi nilikuambia hivyo?"

Kwa mara ya kwanza kwa siku mbili, akaniangalia.

"Hukuniambia."

"Sasa mbona..."

"Nilionyeshwa yako kwanza." Akaigusa karatasi yangu kwa kidole. "Jana asubuhi, kabla hujafika. Bosi aliiweka mbele yangu, akaniambia, 'Ona vile mwalimu wako anakupenda.' Nilisoma nikadhani ni mwandiko wa mtu mwingine. Nikaangalia zile herufi. Ni zako. Akaniambia, kama na mimi sitaandika, nitaenda peke yangu. Saa tisa aliniita tena, nikaandika."

"Huo ni uongo, Madam," Mukhisa akasema. "Niliwashauri wote wawili waandike ukweli."

Suad akazilinganisha karatasi mbili mezani, moja kando ya nyingine.

"Hiki ndicho nilicho nacho," akasema. "Huyu anamtaja huyu. Huyu anamtaja huyu. Hakuna karatasi hata moja yenye jina la Bwana Mukhisa."

"Ndio ugonjwa wa idara hii," Mukhisa akasema kwa huzuni. "Wanaumana. Mimi nimejaribu."

Na hapo ndipo nilipoelewa, baada ya mwaka mmoja na miezi minne. Mimi ambaye hungoja siku ya saba kabla ya kusema neno juu ya mbegu. Huyu nilimpa siku mia nne na zaidi.

"Mzee," Suad akaniuliza, "una ushahidi wowote? Zile trei?"

"Nilizimwaga."

"Mchanga?"

"Niliuosha."

"Daftari la siku ya saba?"

"Hatukuandika."

"Basi una shahidi?"

Siku ile ya nne tulikuwa watatu ndani ya maabara. Mmoja ni mimi. Mmoja alikuwa amekaa pale kama aliyefiwa. Wa tatu ndiye yule niliyemuuza kwa nusu ya andazi kule Kimilili.

"Nina mmoja," nikasema. "Lakini sina haki ya kumwita."

Suad akaelewa. Akamgeukia. "Jepchirchir, ulikuwepo siku hiyo?"

"Nilikuwepo."

"Ulimwona Bwana Mukhisa akiingia? Ulimsikia akisema nini?"

Mukhisa akakohoa. "Madam, huyu ameshaandika na kutia sahihi. Akigeuka sasa, amejifukuza mwenyewe. Msichana, unajua hiyo? Si unajua? Mimi nakuonea huruma tu."

Jepchirchir alikuwa ameangalia meza. Akainua kichwa.

"Nitajibu," akasema. "Lakini kwanza nataka kitu kimoja. Nataka mzee asome ile karatasi yake."

"Tunayo hapa," Suad akamwambia. "Tumeisoma."

"Asome yeye, kwa sauti. Yote, na jina langu. Jana mimi niliisoma peke yangu, na huyu akiwa ananiangalia." Akamwonyesha Mukhisa kwa kidevu. "Leo nataka nimsikie mwalimu akisoma. Akimaliza, nitajua la kusema."

"Madam, hapa si kanisani," Mukhisa akasema. Sasa sauti yake ilikuwa imepanda. "Hakuna utaratibu kama huo!"

Suad alinitazama, akamtazama yeye, kisha akaisukuma karatasi mpaka upande wangu wa meza.

"Soma, mzee."

Nikaivuta karibu. Bado ilikuwa na doa la mafuta ya andazi pembeni.

"Mimi, Jotham," nikaanza, "mkaguzi wa maabara, nathibitisha kwamba tarehe iliyoandikwa kwenye fomu ni ya kweli..."

Nikasoma sentensi ya pili. Nikasoma ya tatu. Nilipofika kwenye jina lake, nikaacha kusoma.

"Endelea," akasema Jepchirchir.